Sarakasi za pikipiki: kwa nini injini hukosa oili gurudumu la mbele linapokuwa hewani

Katika nchi jirani za Kenya na Tanzania, kama ilivyo hapa Uganda, si jambo geni kumwona kijana akienda kwa gurudumu la nyuma pekee. Huonekana katika misafara ya mazishi ya waendesha bodaboda, katika kampeni za siasa, baada ya timu ya mpira kushinda, na siku za Jumapili kwenye barabara mpya ambazo bado hazina magari mengi. Polisi hukiita kitendo hicho uendeshaji wa hatari. Mafundi nao wana hesabu yao: ni injini inayoletwa gereji siku chache baadaye ikiwa inagonga, inatoa moshi wa buluu, au imekwama kabisa.

Wengi hudhani injini hiyo imekufa kwa sababu ya kuvutwa gia kupita kiasi. Mara nyingi sababu ni nyingine. Pikipiki inapoinuliwa mbele, oili iliyo ndani ya injini huhama kutoka pale inapotakiwa, pampu ikafyonza hewa badala ya oili, na vyuma vikaanza kusagana vikiwa vikavu. Waendeshaji wa sarakasi walioufanya mchezo huu kuwa kazi, hasa Marekani, Ulaya na Japani, wamelifahamu tatizo hilo kwa miaka mingi na wamebuni njia kadhaa za kulipunguza. Si kila njia inafaa kwa pikipiki ndogo zinazobeba abiria katika ukanda wetu, na nyingine huharibu injini zaidi ya kuiponya.

Safari ya oili ndani ya injini

Katika pikipiki nyingi za mapigo manne, oili hukaa chini kabisa ya injini, mahali palipo mfano wa bakuli. Ndani ya bakuli hilo kuna mrija wa kufyonza, na mdomoni mwake kuna chujio la waya. Pampu inayozungushwa na injini yenyewe huivuta oili kupitia mrija huo na kuisukuma kwenye njia nyembamba hadi kwenye beringi za krankishafti, kwenye konrodi, na juu kichwani mwa silinda ambako kamshafti hufungua na kufunga vali. Ikimaliza kazi, oili haisukumwi tena na kitu chochote. Huteremka yenyewe kwa uzito wake mpaka bakulini, na safari huanza upya.

Mfumo huo una sharti moja: mdomo wa mrija lazima uwe umezama katika oili wakati wote. Mtengenezaji huuweka mdomo huo akizingatia kwamba pikipiki itapanda vilima, itashuka mabonde na kulala kidogo kwenye kona. Hakuna mtengenezaji wa pikipiki ya kawaida anayepanga hesabu zake akitarajia chombo kitasimama wima kama nguzo kwa nusu dakika.

Anayetaka kulielewa jambo hili anaweza kuchukua beseni refu, akatia maji machache, kisha akainua upande mmoja. Maji yote hukimbilia upande wa chini na sehemu ya juu hubaki kavu. Uso wa maji daima hubaki sambamba na ardhi, hata beseni likiinama vipi. Kwa bakuli la oili lenye urefu wa sentimita 20, kuinama kwa nyuzi 45 kunafanya ncha moja iwe juu ya nyingine kwa zaidi ya sentimita 14, ilhali kina cha oili iliyomo huwa ni sentimita chache tu. Pikipiki ikifika karibu na nyuzi 90, hali ambayo wanasarakasi huilinganisha na mshale wa saa unaoonyesha saa sita, ukuta wa nyuma wa injini ndio unaokuwa sakafu. Oili huangukia upande wa giaboksi, na mrija ulio mbele hubaki ukinywa hewa.

Mambo mengine matatu huongeza madhara. Kwanza, kasi inayotumika kuinua gurudumu huisukuma oili nyuma hata kabla chombo hakijainama sana. Pili, oili iliyokwisha kupanda kichwani mwa silinda huchelewa kurudi, kwa kuwa njia zake za kuteremkia zimebadilika mwelekeo. Tatu, mwendeshaji akishapata mizani, huenda polepole sana huku injini ikizunguka kwa mizunguko michache na breki ya nyuma ikikanyagwa mara kwa mara. Pampu huzunguka polepole pamoja na injini, upepo wa kupoza haupo, na oili iliyopata joto huwa nyepesi. Kwa hiyo shinikizo, au presha kama mafundi wanavyoliita, hushuka wakati ule ule injini inapolihitaji zaidi.

Injini kubwa hufa upesi, ndogo hufa polepole

Pikipiki za mashindano zenye silinda nne, kwa mfano zile za cc 600 zinazopendwa na wanasarakasi wa Marekani na Ulaya, hutumia beringi zisizo na gololi kwenye krankishafti. Kila beringi ni vipande viwili vya bamba vyenye umbo la nusu duara. Chuma hakigusani na bamba hilo, bali huelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele wa binadamu, na utando huo hudumu kwa sababu tu pampu inaendelea kuleta oili. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, krankishafti huzunguka mara 100 kwa sekunde. Sekunde tatu bila oili ni mizunguko 300 ya chuma juu ya chuma. Bamba hupata joto, hulainika, hushikana na krankishafti na kuzunguka nayo. Hapo ndipo fundi husema injini imenoki, na mara nyingi hakuna dawa isipokuwa kubadilisha krankishafti nzima.

Pikipiki ndogo za silinda moja, ambazo ndizo zinazobeba abiria kuanzia Busia hadi Mwanza, zimejengwa kwa namna nyingine. Krankishafti yake hushikiliwa na beringi za gololi, na konrodi huzunguka juu ya beringi za roli. Beringi hizo huridhika na oili ya kurushiwa, haba kiasi, na huvumilia ukosefu wa muda mfupi bila kushikana papo hapo. Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970, ilibuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hutumiwa kwa kazi nzito na matengenezo huwa machache. Kamshafti yake iliwekwa chini, mbali na kichwa cha silinda. Viwanda vingi vya China vilifuata muundo huo, na ndiyo maana injini za aina hiyo zimeenea sana katika ukanda huu.

Uvumilivu huo umewadanganya vijana wengi. Injini ndogo haifi siku ya kwanza, basi mwendeshaji huamini kwamba haidhuriki. Ukweli ni kwamba inalika kidogo kidogo. Katika zile zenye kamshafti juu kichwani, kamshafti na roka zake ndizo huumia kwanza, kwa kuwa ziko mwisho wa safari ya oili. Ukuta wa silinda na ringi za pistoni hufuata. Pikipiki nyingi za aina hii hazina hata taa ya kuonya kwamba shinikizo la oili limeshuka. Dalili ya kwanza huwa ni mlio wa kugongagonga juu ya injini, na wakati huo hasara imekwisha kutokea.

Marekebisho yanayofanywa na wanasarakasi

Njia rahisi kuliko zote ni kuongeza oili kupita kipimo. Injini ya cc 600 hubeba oili kati ya lita 3 na 4, na wanasarakasi wengi huongeza takriban nusu lita, wengine hata zaidi, ili mdomo wa mrija ubaki umezama pikipiki inapoinama. Kwa injini hiyo, nusu lita ni nyongeza ndogo. Lakini pikipiki ndogo ya silinda moja hubeba takriban lita moja tu. Nusu lita kwake ni nyongeza ya nusu nzima. Oili ikizidi kiasi hicho, krankishafti huipiga kama mwiko unavyopiga mayai, na povu hutokea. Povu ni oili iliyojaa hewa, nayo haiwezi kushika utando imara kati ya vyuma. Hivyo mtu aliyeongeza oili ili kuikimbia hewa hujikuta ameiingiza hewa kwa mlango mwingine. Zaidi ya hapo, sili za oili husukumwa nje, klachi huwa nzito, na oili hutafuta pa kutokea.

Njia ya pili ni kuhamisha mrija wa kufyonza. Fundi hulifungua bakuli, hukata mrija na kuuchomelea upya ili mdomo wake uelekee nyuma, pale ambapo oili hukusanyika gurudumu la mbele linapokuwa hewani. Hii ndiyo dawa inayogusa chanzo cha tatizo, lakini inataka umakini mkubwa. Tundu dogo kama ncha ya sindano kwenye kiungo kilichochomelewa hutosha kuifanya pampu ivute hewa wakati wote, hata pikipiki ikiwa imetulia barabarani. Mdomo ukikaa karibu mno na sakafu ya bakuli, oili hupita kwa shida. Ukikaa mbali mno, huachwa mkavu upesi. Na pikipiki iliyorekebishwa kwa ajili ya kuinuka mbele inaweza kukosa oili inapofungwa breki kali ya mbele au kusimamishwa kwa gurudumu la mbele, maana sasa oili hukimbilia upande ulioachwa bila mrija.

Njia ya tatu ni kujenga kuta ndogo ndani ya bakuli. Kuta hizo hupunguza mwendo wa oili, na nyingine huwa na vilango vinavyofunguka upande mmoja tu: oili huruhusiwa kuingia sehemu ya mrija, lakini haiwezi kutoka kwa haraka. Magari ya mashindano hutumia mbinu hiyo ili kuzuia oili isihame kwenye kona kali. Kwa pikipiki inayoinuliwa kwa sekunde chache tu husaidia sana. Kwa inayosimama wima kwa muda mrefu, huchelewesha tatizo bila kuliondoa.

Njia ya nne inahusu mpira wa kupumulia. Injini hupumua kupitia mpira huo, ambao mara nyingi huelekezwa kwenye boksi la chujio la hewa. Oili inapohamia nyuma, huweza kupanda kwenye mpira huo, ikalowesha chujio, ikaingia kwenye silinda na kuungua kwa moshi wa buluu. Ikidondoka nje, hufika kwenye tairi la nyuma, ambalo ndilo pekee linalogusa ardhi wakati huo. Wanasarakasi makini huurefusha mpira, huupandisha juu zaidi ya injini, na huuishilizia kwenye chupa maalumu ya kukusanyia oili inayotoroka. Ni marekebisho ya gharama ndogo, na ni kosa kuyapuuza hasa pale oili inapokuwa imezidishwa.

Pamoja na hayo, wengi hupandisha mizunguko ya injini inapokuwa haijavutwa gia, ili pampu isizunguke polepole mno wakati wa kushika mizani. Pia hufunga sproketi kubwa nyuma, ambayo humwezesha mwendeshaji kwenda taratibu huku injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha. Walio waangalifu huongeza kipimo cha shinikizo la oili mbele ya macho yao. Mshale ukishuka, gurudumu hushushwa mara moja. Kati ya vifaa vyote, hiki ndicho kinachosema ukweli, kwa sababu marekebisho mengine yote ni matumaini mpaka yapimwe.

Mifumo isiyotegemea bakuli

Zipo injini ambazo tangu kiwandani hazitegemei bakuli la chini. Baadhi hutunza oili katika tangi la pembeni au ndani ya fremu yenyewe, kama ilivyo kwa Yamaha SR500. Pampu moja huipeleka oili kwenye injini, na nyingine huikusanya na kuirudisha tangini. Tangi likiwa refu na jembamba, na njia ya kutolea ikiwa mahali panapofaa, oili haipati nafasi ya kuukimbia mrija. Ndege za sarakasi za angani, ambazo huruka juu chini, nazo zina vali maalumu inayobadilisha mahali pa kufyonzea oili kulingana na upande ambao uzito unaelekea. Gharama na ugumu wa mifumo hiyo ndio huifanya iwe adimu kwenye pikipiki za kawaida.

Injini za mapigo mawili zina utaratibu tofauti kabisa. Ndani yake hakuna bakuli la oili la kuhudumia krankishafti. Oili huingia pamoja na petroli na kuungua. Yamaha AG100, iliyotumiwa na mabwana shamba wengi wa Afrika, ni ya aina hiyo. Mwaka 1991 Mjapani Yasuyuki Kudo alikwenda kilomita 331 bila kusimama kwa gurudumu la nyuma, akitumia Honda TLM220R, pikipiki ya mapigo mawili. Uwezo wake mwenyewe ndio uliomfikisha, lakini ni wazi pia kwamba injini yake haikuwa na bakuli la oili la kukaukiwa njiani. Miaka saba kabla, Mmarekani Doug Domokos alikuwa ameendesha Honda XR500, ya mapigo manne, kwa gurudumu la nyuma kwa takriban kilomita 233 katika uwanja wa mbio wa Talladega. Yote mawili yalifanyika mahali maalumu, mbali na barabara za umma.

Kwa mwenye bodaboda

Tofauti kati ya mwanasarakasi wa kazi na kijana wa kijiweni haiko katika ujasiri. Yule wa kazi ana pikipiki ya sarakasi isiyobeba abiria, ana injini ya akiba, na amekubali kwamba injini ni kitu cha kutumika na kwisha. Kijana wa kijiweni mara nyingi anaendesha chombo cha mkopo, au cha tajiri anayedai hesabu kila jioni. Injini ikifa, deni halifi nayo. Mwenye chombo huona pikipiki haileti fedha, na familia inayotegemea mapato ya siku hukosa mapato hayo.

Kwa pikipiki ya biashara, ushauri wa kiufundi ni mfupi. Oili ijazwe mpaka alama ya juu ya kipimo na isizidi hapo. Ipimwe pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare, maana ikiegemea stendi ya pembeni kipimo hudanganya. Ibadilishwe kwa wakati, kwa daraja lililotajwa na mtengenezaji. Oili iliyotengenezwa kwa magari madogo isitumiwe bila kuangalia maandishi yake, kwa sababu nyingi zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi ya pikipiki iteleze. Oili inayofaa klachi ya pikipiki huandikwa JASO MA. Kipimo cha oili kikionyesha upungufu, hata kupanda kilima kirefu na kikali kunaweza kuuacha mrija mkavu kwa muda. Huo ni ubaya ule ule wa sarakasi, ila mwendeshaji hajui kama ameufanya.

Wanunuzi wa pikipiki zilizotumika, ambazo nyingi hubadilishana mikono pande zote mbili za mpaka wa Busia, Malaba na Mutukula, nao wana sababu ya kuwa macho. Chombo kilichofanyiwa sarakasi huacha ushahidi. Taa ya nyuma, kibao cha namba na ncha ya keria huwa na mikwaruzo au mikunjo iliyonyooshwa. Shokapu za mbele huvuja kwa kupokea kishindo cha kushuka, na koni za usukani huwa na mlegeo: breki ya mbele ikishikwa na pikipiki kusukumwa mbele na nyuma, mlio husikika. Boksi la chujio la hewa likifunguliwa na kukutwa limelowa oili, ni dalili mbaya. Injini iwashwe ikiwa baridi, isikilizwe upande wa juu, na moshi uangaliwe. Muuzaji anayeipasha moto injini kabla mnunuzi hajafika anafaa kuulizwa sababu.

Sheria za nchi zote mbili ziko wazi. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, na Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 zinakataza uendeshaji wa hatari katika barabara ya umma, na hakuna marekebisho ya injini yanayobadilisha jambo hilo. Mrija uliohamishwa na chupa ya kukusanyia oili hulinda vyuma peke yake. Mwendeshaji ambaye injini yake imekwama ghafla, gurudumu la nyuma likajifunga na la mbele likiwa hewani, hana la kushika wala nafasi ya kubana klachi kwa wakati. Hiyo ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu, wanapoombwa kuiandaa pikipiki ya abiria kwa michezo hiyo, huwashauri vijana wachague moja: chombo cha kazi au chombo cha sarakasi. Injini moja haiwezi kufanya kazi zote mbili kwa muda mrefu.